Kombati au Ovaroli: Jeshi, Vikosi na Ufundi kwa Kijana wa Pemba

Mpwa wangu alikuja gereji Jumamosi na bahasha ya kaki kwapani, ameibana kama mtu aliyebeba hati ya shamba la mikarafuu. Ndani yake karatasi mbili: barua ya sheha na fomu ya kuomba kujiunga. Anataka nimdhamini. Ana miaka 19, mrefu, pumzi anazo. Anakimbia Wete hadi Gando na kurudi, akifika anaomba maji tu. Akaniuliza bila ya kuzunguka: "Mjomba, wewe jina lilitoka ukakataa. Ulikataa kwa nini? Na mbona mjomba mwenzio alikwenda na sasa ana nyumba ya matofali?"

Nilikuwa nimeifungua mashine ya boti, Yamaha, mezani, grisi mpaka kwenye viwiko, na nje mtu ananipigia honi nimpe propela yake. Nikamwambia aiache bahasha. Swali lake ni la haki na jibu lake refu, basi nimeliandika. Asome yeye, na mwengine aliye kama yeye, awe Konde au Makunduchi, naye asome.

Nianze na kosa ambalo karibu kila nyumba hulifanya. Watu wakilinganisha, upande mmoja huweka jeshi na upande wa pili huweka baraza: kijana amekaa, simu mkononi, anangoja maghrib. Kwa mizani hiyo jeshi litashinda kila siku, na lina haki ya kushinda. Upande wa pili unatakiwa uwekwe kitu chenye jina, chenye mahali na chenye siku ya kuanza. Mimi mwaka 2013 nilikuwa nacho kitu hicho, tena kidogo tu: nafasi ya kumshikia spana fundi mmoja mzee pale bandarini Wete. Bila ya mzee yule ningekwenda, na leo nisingekuwa na la kumwambia mtu.

Jeshi lipi kwanza?

Mzee wa kwetu akisema "mwanangu kaingia jeshini", muulize lipi, maana maisha yanayofuata hayafanani.

Lipo Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ. Ulinzi ni jambo la Muungano kwa mujibu wa Katiba, na jeshi hili liliundwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya wanajeshi wa Tanganyika ya Januari mwaka huo na baada ya Muungano wa Aprili. Kwa kijana wa Wete maana yake ni kuwa ramani yake inakuwa Tanzania nzima. Ukuruta unaweza kuufanya Kihangaiko, mkoa wa Pwani. Mwenye elimu na bahati ya uofisa huenda Monduli, Arusha. Baada ya hapo unaweza kupangiwa Brigedi ya Nyuki hapa Zanzibar, au ukapangiwa Songea, ambako kutoka Dar es Salaam peke yake ni zaidi ya kilomita 900 za basi, bado hujapanda boti.

Halafu vipo vikosi vya SMZ: KMKM, JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), Zimamoto, Chuo cha Mafunzo, yaani magereza, na Valantia, KVZ. Hivi viko chini ya Serikali ya Mapinduzi. Uhamisho upo, lakini mwisho wake ni Unguja kwa Pemba. Ukihamishwa Kama au Kibweni, Unguja, mama atalia siku moja, na Idi ya kwanza utarudi na zambarau.

KMKM ndiyo inayopendwa na watoto wa pwani, na hawajakosea, ni kazi ya bahari. Jina lake ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, na magendo yenyewe hasa yalikuwa karafuu, iliyovushwa usiku kwenda pwani ya Kenya badala ya kupelekwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Leo wengi wanaijua kwa uokozi. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ilipozama upande wa Nungwi ikija Pemba, na tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe, wazamiaji wao walikuwa majini. Kama roho yako inakupeleka huko, sina la kukupinga. Wapo pia wanaoingia kwa mpira, maana KMKM, JKU, KVZ na Mafunzo wote wana timu, na winga mzuri hupata ajira kwa mguu wake wa kushoto. Mwenye mguu huo anajijua.

Mlangoni

Sisi tulikuwa wawili, mimi na ndugu yangu, mtoto wa mama mkubwa. Tumelala kitanda kimoja mpaka tukawa hatuenei. Tulipeleka majina JWTZ pamoja, tukapimwa pamoja, tukakimbizwa pamoja uwanja wa Gombani siku ya joto la kaskazi. Majina yalipotoka, yetu yote mawili yalikuwamo.

Kabla ya kufika hapo, nimwambie mpwa wangu asije akadhani ni fomu tu. JWTZ kwenye matangazo yake ya miaka ya karibuni inataka raia, mwenye umri wa miaka 18 hadi 24 kwa aliyemaliza kidato cha nne au cha sita, mwenye afya na tabia njema, ambaye hajaoa wala hajaolewa, na ambaye amekwisha kupita mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Wa huku wengi hupita JKU. Na hapo pana jambo watu hawalisikii hata likisomwa kwa kipaza sauti: JKT inapoita vijana wa kujitolea kwa miaka miwili, hutamka wazi kwamba haiahidi ajira baada ya mkataba. Miaka miwili ya kulima, kujenga na kukimbia, halafu unaweza kurudi nyumbani na cheti tu. Si miaka iliyopotea, nimeona waliorudi na ufundi na adabu. Lakini uiweke kwenye hesabu. Ukianza na miaka 21 ukarudi na 23, mlango wa JWTZ umebaki wazi kidogo sana, na wenzio wa chuo wameshamaliza.

Pia kuna yule mtu. Kila kijiji kinaye. Anakuja usiku, anakwambia ana mkono wake ndani, anataka "ya chai" ili jina lisipotee. Kwetu alikuja, mama akauza mbuzi wawili. Majina yalipotoka alikuja kutupongeza kana kwamba ameyaandika yeye, na mpaka leo sidhani kama alimjua hata mlinzi wa lango. Jeshi lenyewe hutangaza kila msimu kuwa nafasi haziuzwi. Mbuzi hawakurudi.

Kwa mtoto wa kike sharti la kutokuolewa lina uzito mwengine. Kwetu msichana wa miaka 22 akisema "ningoje nimalize depo", wapo watakaongoja na wapo watakaokwenda nyumba ya pili. Mdogo wangu yumo Zimamoto, hakungojwa, na hajuti. Hilo ni lake, kwa hiyo sitaliandika zaidi.

Mshahara

Hapa sitafanya hila. Ndugu yangu kanishinda.

Mshahara wake unaingia mwezi hadi mwezi, mvua au jua. Machi 2020 ndege zilipokatika na mahoteli ya Nungwi na Paje yakafungwa, vijana wetu waliokuwa wakihudumia wageni walirudi Pemba na mabegi yao, wakakaa miezi bila ya senti. Kwake yeye mshahara haukupungua hata shilingi. Askari anakula, anavaa na anatibiwa. Familia yake nayo ina hospitali ya jeshi. Akienda benki, karatasi ya mshahara inazungumza kwa niaba yake. Alichukua mkopo, akapandisha ukuta, akaezeka, akatia madirisha, yote ndani ya miaka sita.

Mimi nimejenga kwa tofali kumi kumi. Mwezi mzuri naweka, mwezi mbaya nakula nilichoweka. Mapato yangu yanafuata mwezi wa mbinguni: giza likiwa limeshika, madagaa yanavuliwa na mashine ziko baharini, gereji kimya, mbalamwezi ikitoka, wavuvi wanapumzika na kila mtu ananiletea mashine yake siku moja, anaitaka kesho. Kusi likivuma sana ndiyo kabisa. Benki niliwahi kwenda, kijana wa dirishani akaniuliza karatasi ya mshahara, nikamwonesha daftari la madeni ya wavuvi. Tulicheka wote wawili, nikatoka.

Kwa hiyo anayeuliza lipi lina fedha ya uhakika, jibu ni kombati, na vikosi vya SMZ vinafuata nyuma yake. Ufundi unaweza kuvizidi vyote, lakini baada ya miaka, na kwa mwenye wateja. Nilipofikisha miaka minane kazini ndipo mwezi wangu wa kawaida ulipoanza kufanana na wake. Sasa mara nyengine nampita. Nyumba yake bado nzuri kuliko yangu.

Kuna neno la "misheni" ambalo vijana hulitamka kama wanaotamka hazina. Kweli misheni za Umoja wa Mataifa zina posho. Ila ujue fedha inavyopita: Umoja wa Mataifa hulipa serikali iliyotoa askari, zaidi kidogo ya dola 1,400 kwa mwezi kwa kila askari, na serikali ndiyo inayompa askari wake kwa kiwango chake yenyewe. Na misheni haiombwi. Unapangwa, au hupangwi.

Nani mwenye siku yako

Wiki ya kuripoti ilipokaribia, mama alikwisha kununua vitu vya orodha: raba, soksi nyeusi ndefu, bukta ya buluu, shuka mbili. Viko juu ya kitanda vimekunjwa. Akaja ami yangu, ambaye vita vya Kagera vya 1978 na 1979 alikuwamo, na ambaye kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kutuhadithia hata siku moja. Akavitazama vile vitu, akaishika soksi moja, akauliza: "Mama yako akifa usiku, wewe uko Songea, utamzika nani?"

Nilidhani anautukana unyonge wangu. Nikamjibu kijeuri kwamba jeshi lina ruhusa za msiba. "Zipo," akasema. "Ruhusa ipo. Boti ya saa moja asubuhi nayo ipo?" Akairudisha soksi mahali pake, akaondoka.

Kwetu maiti hangoji. Aliyekufa usiku anazikwa baada ya adhuhuri, alasiri ikichelewa sana. Mwenye kuwa Mkoani, kusini ya Pemba, atawahi, mwenye kuwa mjini Unguja akipata boti au ndege atawahi, wa Tabora hawahi, hata jenerali awe baba yake.

Ilitokea 2018. Si kwa mama yangu, kwa mama mkubwa, mama yake ndugu yangu. Yeye alikuwa Beni, Congo. Tulimpata kwa simu saa tano asubuhi, mawasiliano yanakatika, nikarudia maneno yaleyale mara tatu mpaka akanyamaza upande wa pili. Alasiri mimi ndiye niliyeingia kaburini kumpokea, kwa sababu ni mama yangu kwa damu na mwanawe hayupo. Udongo wa kwetu mwekundu, ulikuwa umelowa kwa mvua ya vuli. Ulibaki kwenye kucha zangu siku mbili, umechanganyika na oili. Ndugu yangu alikuja baada ya arobaini. Alikwenda kaburini peke yake, akakaa mpaka jua likachwa, aliporudi aliniuliza jambo moja tu: mwanandani ulichimbwa upande gani.

Simlaumu mtu yeyote kwa hilo, na yeye hamlaumu. Wakubwa wake walimpa pole, wakamsomea na dua. Lakini hiki ndicho kinachouzwa, na kwenye fomu hakina kisanduku chake. Mtu anapouliza tofauti kubwa ya kombati na ovaroli, hutaja hatari, hutaja mshahara. Mimi hutaja siku. Siku yangu ni yangu hata ikiwa haina fedha ndani. Naweza kufunga gereji saa nne nikaenda kuzika, nikampeleka mtoto Chake Chake hospitali, nikagombana na mteja nikamwambia achukue mashine yake aende. Mwalimu wa skuli hana uhuru wote huo, lakini akichoka huandika barua ya notisi, akangoja muda wake, akaenda zake. Askari wa JWTZ akiondoka bila ya ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1966, na lina mahakama yake ya kijeshi. Kuingia ni kwa hiari yako, kutoka kuna utaratibu ambao si wewe uliyeuandika.

Na tabia nayo iulizwe. Mimi ni mtu wa "kwa nini". Tangu mdogo, nimepigwa sana chuo cha Kurani kwa sababu hiyo. Kwenye gwaride swali la kwa nini lina malipo yake, nayo hulipwa kwa tumbo chini. Kwenye mashine, swali hilohilo ndilo linalonilisha. Mvuvi analeta mashine, anasema inazidi moto, inazima. Naiwasha ndani ya pipa la maji, natazama nyuma: haikojoi. Yaani ule mchirizi wa maji yanayopoza mashine hautoki. Kwa nini? Pengine tundu limeziba chumvi, natia waya mwembamba. Bado. Nafungua mguu, natoa impela, kile kigurudumu cha mpira chenye mabawa kinachopandisha maji. Mabawa mawili yamekatika. Fundi asiyeuliza huweka impela mpya akala fedha yake. Mimi nauliza vipande viwili vilivyokatika viko wapi, maana kama vimepanda juu kwenye njia ya maji, mashine itarudi kwangu baada ya wiki, na mvuvi atakuwa amekaa nje ya mkondo wa Fundo anapunga shati. Kumbe mtu kama huyo wangemfanya nini kambini? Ndugu yangu, kwa upande wake, akipewa amri anapata raha. Aliniambia mwenyewe: asubuhi unajua unakwenda wapi, kichwa kinapumzika. Nilimwamini. Wapo watu wanaonawiri hivyo, na mimi nikiwaona nawahusudu kidogo.

Hatari, bila ya kutia chumvi

Miaka mingi ya askari wetu hupita bila ya risasi. Lakini haiwi sawa kusema hakuna kitu. Julai 2013, mwaka uleule tuliokimbizwa Gombani, Watanzania saba waliuawa Darfur, Sudan, wakilinda amani. Mwaka huohuo Tanzania ilipeleka askari katika brigedi ya kuingilia kati mashariki ya Congo. Jioni ya 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa kwa saa kadhaa. Walikufa 14 kwa hesabu ya mwanzo, baadaye wakawa 15, na wapo walioletwa kuzikwa hapa Zanzibar. Usiku ule ndugu yangu alikuwa eneo hilohilo, kambi nyengine. Mama mkubwa, Mungu amrehemu, alikaa na simu kwenye mkeka mpaka alfajiri, hazungumzi, anaibonyeza tu iwake isije ikalala. Kisha katika ujumbe wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ulioanza mwishoni mwa 2023, askari wetu wengine walipelekwa Congo, pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi.

Vikosi vya SMZ havina Congo. Zimamoto wana moto, KMKM wana bahari. Na ovaroli ina vyake: mvuke wa petroli kila siku, mgongo, kidole changu cha shahada ambacho nusu ya kucha ilibaki kwenye gia. Baharia naye anazama kama abiria. Ila hakuna hata mmoja wetu anayeamriwa kwenda kwenye hatari kwa tarehe.

Jambo linalosemwa kwa sauti ya chini

Kwa Mpemba lipo hili pia, na anayeandika ulinganisho akaliruka atakuwa ameandikia watu wa kwengine. Mwaka 2001 nilikuwa skuli ya msingi. Tarehe 27 Januari, katika maandamano ya baada ya uchaguzi, watu waliuawa kisiwani kwetu kwa risasi za vyombo vya dola, na zaidi ya 2,000 wakavuka kwenda Shimoni, Kenya. Baadaye ulikuja muafaka, na 31 Julai 2010 ikaja kura ya maoni ya serikali ya umoja wa kitaifa, mambo yakapoa. Lakini wazee hawakusahau, na kila uchaguzi ukikaribia, anayevaa sare huangaliwa kwa jicho jengine hata akiwa mtoto wa nyumba ya tatu.

Katiba ya Muungano, ibara ya 147, inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, ingawa kura anapiga. Kwa anayependa siasa hiyo ni bei. Kwa anayezichoka ni faraja. Jiulize mapema tu: siku ile ukipangwa kusimama barabarani, na upande wa pili wamesimama watu wa mtaa wenu, utaweza? Ndugu yangu yeye alijibu kwamba ndiyo maana alitaka JWTZ na si kikosi cha hapa, awe mbali na mambo ya ndani. Mwengine atajibu kinyume, kwamba bora awe yeye aliyesimama pale kuliko mgeni asiyemjua mtu. Majibu yote mawili nimeyasikia kwa watu wenye akili zao.

Upande wa pili uweke nini

Kama utakataa, ukatae ukiwa na jambo la kushika. Kwa Pemba kipo chuo cha Mafunzo ya Amali Vitongoji; Unguja vipo Mwanakwerekwe na Mkokotoni. Umeme, magari, majokofu na viyoyozi, useremala. Ningekuwa mimi na miaka 19 leo, ningechukua majokofu na viyoyozi. Kila hoteli mpya ina vyumba, kila chumba kina kiyoyozi, na hewa ya chumvi inavila vyote sawasawa, havichagui nyota ngapi.

Ubaharia ni njia ya wazee wetu na bado iko wazi, lakini si ya kuruka tu ndani ya meli kama zamani. Mkataba wa kimataifa wa STCW wa 1978 unadai mafunzo ya msingi, yaani kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza na usalama kazini, na chuo kipo Dar es Salaam, DMI. Gharama ya kozi itakuuma. Na ukisema unaikimbia Songea ili usiwe mbali na mama, basi meli ya mizigo miezi tisa si dawa yako.

Hoteli huingiza fedha haraka kuliko zote, na huzikata haraka. Masika ya Aprili na Mei wengi hupewa likizo isiyo na malipo. Anayekwenda huko ajifunze lugha moja ya ziada au jiko, la sivyo atabeba mabegi mpaka azeeke. Ualimu kupitia SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, kama alama zinaruhusu, ndio unaokaribiana na jeshi kwa utulivu wa mshahara, lakini nafasi za ajira zinagombaniwa, na miaka ya kungoja baada ya kuhitimu nayo ihesabiwe.

Nani ningemwambia aende? Anayelala vizuri akijua kesho imepangwa. Asiye na mzee anayemtegemea yeye peke yake. Anayetaka vikosi kwa sababu ya kazi yenyewe, ya maji au ya moto, na angeifanya hata kwa mshahara mdogo. Na yule ambaye baraza limeshaanza kumla, hana fundi wa kumshikia spana, wala ndugu wa kumlipia Vitongoji: huyo aende kesho asubuhi, asisome hata makala hii.

Mpwa wangu sijui yuko wapi katika hao, na nadhani naye hajui. Tumekubaliana. Jumatatu anapanda gari ya Chake, anashuka Vitongoji, anauliza kozi ya majokofu inaanza lini na ada ni kiasi gani, anaandika kwenye karatasi. Jumanne anakuja kunishikia spana siku nzima, bila ya malipo, nione kama ni mtu wa kwa nini au mtu wa ndiyo afande. Jumatano usiku tunampigia ndugu yangu, amuulize mwenyewe, mimi nikiwa nje. Ijumaa baada ya sala anarudi kwangu. Akisema bado anataka, nasaini.

Fomu iko juu ya rafu, nimeiwekea boksi la plagi isipeperuke. Pembeni ina alama ya dole gumba langu, ya oili. Sijui kama wataikubali hivyo.